Tepe Nyekundu kwenye Ua wa Mianzi

Arobaini ya Mama ilipokwisha tulifungua sanduku lake la bati, mimi na kaka yangu. Chini kabisa, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzivaa, tukakuta mkoba mmoja mweusi wa ngozi ya kuiga, bado umejazwa karatasi tumboni. Kaka akaunusa, akakunja uso. "Huu nao wa nini? Unanuka gundi tupu. Tuutupe." Nikamwambia aniachie. Yeye alisikia gundi. Mimi nilisikia baridi ya maji, mianzi iliyokatwa, na bata. Nikaona pia kwamba sasa hayupo tena wa kunikataza, na jambo lile naweza kulisema.

Nyinyi wa rika langu mnakumbuka wakati ambapo si kila ukoo ulikuwa na binamu yake Guangzhou. Walioanza kwenda walikuwa wachache, na wakirudi walisimulia kama waliotoka mwezini. Mama alikuwa mmoja wao. Yeye na Baba walikuwa na duka la mikoba Kariakoo. Baba anauza, Mama anasafiri. Safari ile alinichukua kwa sababu bibi aliyekuwa akinilea alikuwa ameshafariki, na Baba, kwa maneno ya Mama mwenyewe, hakuweza kulea hata paka. Nilikuwa na miaka minane.

Mikoba ilikuwa inashonwa Shiling, pembezoni mwa Guangzhou, kwenye karakana ya mtu tuliyemwita laoban, kama wanavyoitwa matajiri wote kule. Alimwahidi Mama mzigo utakuwa tayari ndani ya wiki mbili. Mbili zikawa nne, nne zikawa sita, na kila Mama akienda kuuliza anajibiwa meiyou, hakuna, bado. Hoteli za Liuhua, kule karibu na stesheni, zilikuwa zinatumaliza. Basi laoban, nadhani kwa aibu, akatuhamishia kijijini kwa mama yake, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka karakana. Hatukuwa tumeandikishwa popote. Mgeni hakutakiwa kulala kijijini bila kibali. Mama alijua, laoban alijua, wakanyamaza wote wawili kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haja yake.

Mama yake laoban nilimwita Apo, ndivyo watoto wa kule wanavyomwita bibi yeyote. Alikuwa mfupi, mkavu, ana meno machache na sauti ya mtu wa kuita bata ng'ambo ya bwawa. Shamba lake lilikuwa dogo, unalimaliza kwa macho ukiwa umesimama mlangoni: matuta ya mboga, bwawa la samaki, banda la kuku, miti michache ya lichi, tunda ambalo sisi tungesema ni shokishoki iliyonyolewa. Na kulizunguka lote, ua wa mianzi. Si ile mianzi laini ya mapambo. Ilikuwa mianzi ya miba, imebanana, imepita kimo cha nyumba, kati yake vichaka vya kila aina vimejipenyeza. Upepo ukitoka kaskazini ulifika pale ukakata tamaa. Apo alisema aliukuta alipoletwa pale bibi harusi.

Ng'ambo ya njia, mbele yetu, kulikuwa na shamba jingine kama hilo na ua mwingine kama huo. Huko aliishi Mzee Leung, mjane, mtu mrefu aliyeinama, asiyecheka ovyo. Nyua mbili zilitazamana, njia ikapita katikati kama kichochoro. Nilichukua muda kuelewa jinsi wale wazee wawili walivyoishi, maana hawakuwa wakiongea sana. Lakini kila mwisho wa baridi, kabla ya Mwaka Mpya wao, walikuwa wakipunguza nyua, na utaratibu wao ulikuwa huu: Mzee Leung anakata ua wa Apo, Apo anakata ua wa Mzee Leung. Hakuna anayekata wa kwake. Nilimuuliza Apo kwa maneno yangu machache ya lugha yao, niliyokuwa nimeyaokota jikoni kwake, kwa nini wasikate kila mtu wake, ikaisha. Akanionyesha mkono wake, akajifanya anataka kuukata kwa mundu, akasita, akauondoa. Kisha akashika mkono wangu, akajifanya anaukata bila hata kupepesa. Akacheka mpaka akakohoa. Nikaelewa. Ua wako mwenyewe unauonea huruma, unaacha lisilofaa kuachwa.

Na walikata kwa adabu, nadhani ndilo neno. Kabla ya kutia mundu kwenye shina lolote, Apo alichukua fimbo akaligonga mara tatu, polepole, akangoja. Siku ya kwanza nilidhani anabisha hodi. Mimi mtoto wa watu wenye adabu zao nikaitikia kwa sauti, "Karibu!" Mama alikuwa anaanua nguo, alicheka hadi akaketi chini. Kumbe Apo alikuwa anawapa nafasi waliolala humo wajitoe. Na waliolala walikuwa wengi. Walitoka shore wenye vishungi, wenye kelele kama wanavyokuwa popote. Walitoka panya. Chini kwenye majani makavu kulikuwa na vyura waliolala wamekunja miguu, baridi kama mawe, na Apo aliwafunika tena kwa mkono. Siku moja alinionyesha jani kavu lililoshonwa kingo zake kwa nyuzi za pamba, kazi ya ndege mdogo kuliko kidole gumba changu, kiota cha mwaka uliopita. Alikuwepo nyoka pia, na huyo Apo hakunionyesha, aliniburuta kwa ukosi.

Konokono ndio hawakugongewa. Walikuwa wakubwa, wamejifungia kwa ngozi kavu mdomoni mwa magamba, na Apo aliwaokota akawapasua juu ya jiwe kwa ajili ya bata, huku akitukana. Nilijua ni konokono wale wale wa nyumbani kwetu. Ukubwani nimesoma kwamba kweli asili yao ni pande zetu, walisafiri na mizigo ya watu wakafika kule. Sikushangaa.

Lakini aliyetushika moyo ni dudumizi. Asubuhi ya pili au ya tatu, ukungu haujaondoka, tukasikia ndani ya ua wa Mzee Leung ile sauti nzito inayoteremka kama maji yanayomiminwa kutoka chupa. Mama akaacha kupiga mswaki. "Wallahi huyo dudumizi! Hata huku yupo?" Akasimama na povu mdomoni, machozi yanamtoka, mimi nikaona aibu kwa niaba yake. Kwetu dudumizi akilia, wazee husema mvua inakuja. Pale hakutabiri kitu, maana mvua ilikuwepo muda wote, manyunyu yasiyokatika. Alikuwa mkubwa mweusi wa mabawa ya hudhurungi, na alilala katika kichaka kimoja pembeni mwa ua wa Mzee Leung. Kuna watu kule humkamata wakamlowesha kwenye pombe, wanasema ni dawa ya mifupa. Magoti ya Apo yalikuwa mabovu, lakini kichaka kile alikiruka na mundu wake kila mwaka.

Ilikuwa Ramadhani. Mama alifunga, mimi nilifunga nusu siku na kujigamba siku nzima. Apo hakuweza kuvumilia. Kila adhuhuri alimletea Mama kikombe cha maji ya moto, Mama anashika kifua kumshukuru na kutikisa kichwa, Apo anakifunika kwa kisahani na kukiacha dirishani, ili yule mwenda wazimu akipata akili akikute. Magharibi Mama alikinywa, baridi, na Apo akapumua.

Na mwezi ulivyokwenda, nao wakaanza maandalizi yao ya Mwaka Mpya, na kijiji kikageuka chekundu. Apo alinipa gundi ya unga na karatasi nyekundu, tukabandika mlangoni, kisimani, kwenye banda la kuku, kwenye gudulia la mchele, hata kwenye shina la kila mlichi. Kila kitu chenye kazi kilistahili chekundu chake. Niliifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilikuwa hodari, kila mtu alisema.

Sasa niwaeleze mapema nilichokuja kukielewa nikiwa nimechelewa. Siku chache kabla ya Mwaka Mpya, watu watatu wa serikali ya kijiji walikuja na futi ya kamba na karatasi. Njia yetu ilikuwa inatakiwa kupanuliwa ili malori yafike kwenye karakana mpya zilizokuwa zinajengwa nyuma ya kijiji. Ua mmoja kati ya zile nyua mbili ulikuwa lazima uondoke, na walikuwa wameshaamua ni wa Apo. Mwanawe, laoban, alikuwa ameshakubali, malori yalikuwa yake pia. Wale watu wakafunga tepe za kitambaa chekundu kwenye mianzi yake upande wa njia, moja kila hatua chache. Popote penye utepe patang'olewa. Apo alisimama mlangoni amefunga mikono, akawatazama, akaingia ndani kuendelea kumenya tangawizi. Mzee Leung naye alitazama kutoka kwake. Hakuna aliyenieleza, na kwa nini angenieleza? Mimi niliona tepe nyekundu zinapepea ua mzima nikasema moyoni, hawa nao wamebandika chao. Nikaona zimependeza.

Mwaka ule mwezi wao wa Mwaka Mpya na mwezi wetu wa Mfunguo Mosi uliandama pamoja, sikukuu yao leo, yetu kesho yake. Mkesha wa Mwaka Mpya Apo alichukuliwa na mwanawe kwenda kula kwake na kukaa siku kadhaa. Mzee Leung alikwenda kwa bintiye mjini. Tukabaki sisi na bata. Katika siku zile za kwanza wao hawagusi kisu wala mkasi wala ufagio, kwa hiyo kijiji kizima kilikuwa kimetulia, fataki tu zinalipuka mbali.

Asubuhi ya Idi Mama alinivisha gauni jipya juu ya suruali mbili na sweta, akanisuka mabutu mawili, akafunga kila moja kwa utepe. Alipika tambi za mchele za kule kwa sukari na tui la kopo. Zilivurugika zikawa uji. Akazipakua hivyo hivyo kwenye sahani nne, mkono unajua kazi yake, halafu akasimama nazo.

"Sasa nampelekea nani?" akasema. Akacheka kidogo. "Mwanangu, tangu nizaliwe sijaona Idi ambayo sahani haivuki kwenda kwa jirani. Leo haivuki."

Akaketi akala sahani moja, tatu akazimimina kwenye sufuria ya bata. Alilia, ila kimyakimya, kama mtu anayekata vitunguu. Mimi nikatoka nje.

Nimejiuliza mara nyingi nilikuwa na nia gani, na jibu ni lile lile: nia njema, tena ya kujisifu. Niliona nyumba ya Mzee Leung haina hata karatasi moja nyekundu, maana mjane hakujali. Ua wake ulikuwa kijani tupu. Wa kwetu umejaa. Idi gani hii jirani asipate kitu? Nikavuta kigoda, nikaanza kufungua tepe. Mwanzo nilitaka kuchukua nusu. Lakini Mama alikuwa na kanuni yake, ameniambia tangu nikiwa siwezi hata kubeba sahani: cha jirani hakimegwi. Ukimpelekea, mpelekee kilichojaa. Basi nikafungua zote, mpaka wa mwisho kabisa, nikavuka njia, nikamfungia Mzee Leung moja kila hatua chache, kwa mafundo ya upinde kama ya nywele zangu, maana fundo jingine sikulijua. Vidole viliganda. Nilipomaliza nikarudi nyuma kutazama. Wallahi ulipendeza.

Siku ya sita ya Mwaka Mpya Mama aliondoka alfajiri. Mzigo ulikuwa hatimaye umetoka Shiling, alikuwa anaufuata bandarini Huangpu, kwa wakala wa meli. Apo alikuwa amerudi jana yake jioni, kwa pikipiki, amejifunika uso kwa baridi, akaingia moja kwa moja kulala. Asubuhi alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda gulioni. Kwa hiyo mafundi wa barabara walipokuja, mtu wa kuwapokea nilikuwa mimi.

Walikuwa vijana sita wasio wa kijiji kile na trekta dogo la kuvuta. Hawakugonga ua kwa fimbo. Mmoja alitangulia, na kwenye kila utepe alinyoosha mkono, akaukwanyua, akautupa, akaonyesha kidole, na wenzake wakafunga mnyororo shinani. Trekta likanguruma, mizizi ikatoka na udongo wake. Shore waliruka wote kwa pamoja. Vyura walitoka na mabonge ya udongo, wakalala barabarani migongo chini, hawajui kama wameamka. Dudumizi alitoka wa mwisho, karibu na miguu ya yule kijana, akaruka chinichini kuvuka njia kwa shida, kama ndege aliyesahau kazi yake. Yule kijana akamrukia kumkamata, akamkosa, wenzake wakamzomea.

Nilitazama mkono wa yule wa mbele. Utepe, kidole, mnyororo. Utepe, kidole, mnyororo. Kwenye utepe wa tatu nikajua. Hakuna aliyeniambia, lakini nilijua kama unavyojua umevunja kitu kabla hujasikia mlio wake. Nilikuwa na uwezo wa kupiga kelele. Nilikuwa na neno lao la "siyo", nilikuwa nalitumia kila siku kukataa kabichi. Nikarudi ndani, nikakaa kitandani, nikaziba masikio.

Apo aliporudi ua wa Mzee Leung ulikuwa umekwisha zaidi ya nusu. Nilichungulia dirishani. Aliweka vikapu chini. Akatazama ua wake mwenyewe, umesimama mzima, hauna hata utepe. Akawaendea mafundi akapaza sauti, yule wa mbele akamwonyesha tepe chini, naye akapaza yake. Akainama akaokota moja. Fundo lilikuwa bado lipo. Akaligeuza, akalitazama, kisha akainua macho moja kwa moja kwenye dirisha nililokuwa, kwenye kichwa changu, kwenye mabutu yangu mawili na mafundo yake. Akautia ule utepe mfukoni. Akapita akiokota mmoja mmoja mpaka zikaisha.

Jikoni alinipa ubwabwa wa moto kama siku zote.

Mzee Leung alirudi kesho yake. Sitaki kueleza sana. Mtu mzima akisimama mbele ya shamba lililovuliwa nguo, mikono imening'inia, si jambo la kutazamwa. Alivuka njia, akasimama mlangoni kwa Apo, akazungumza polepole, kisha haraka, kisha kwa kelele. Nilielewa nusu. Ulitakiwa wako. Nani amehamisha? Apo akajibu neno moja, na neno hilo nililijua vizuri, ni la kwanza wanalojifunza watoto: "Mimi." Mzee Leung akamuuliza tena, kwa sauti ya chini, kama anayempa mtu nafasi. "Mimi," Apo akasema. Mzee yule akatema mate chini, kizingitini pa mwanamke aliyemkatia ua maisha yake yote, akageuka akaenda. Watu wa serikali ya kijiji walikuja, wakapima, wakaona barabara itapita tu upande wowote, wakaandika kwenye karatasi yao. Kwao yalikuwa yamekwisha.

Mama aliporudi kutoka Huangpu nilimwambia yote, akiwa anakoroga sufuria kwa mwiko. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Apo anajua."

"Apo amesema nini?"

"Amesema ni yeye."

Mama akazima jiko. Akanishika kidevu, vidole vinanuka samaki. "Sikiliza. Sisi hapa hatupo. Unanielewa? Hatujaandikwa. Wakisikia ni mtoto wa wageni aliyegusa alama za serikali, watauliza wageni gani, kibali kiko wapi, nani amewalaza hapa. Tutaondolewa, laoban ataingia matatani, na kontena halijapanda meli bado. Kila tulicho nacho kimo humo. Kila kitu."

"Lakini Mzee Leung anamchukia Apo."

"Watu wazima hao, watapatana." Akageuka. "Ulimi wako uukalie, mwanangu. Nakuomba. Sikuamrishi, nakuomba."

Simlaumu. Basi, niseme kweli, namlaumu kidogo, na zaidi kwa lile neno "nakuomba". Angeniamrisha ningekuwa na cha kujitetea.

Siku mbili baadaye Apo aliamka akanoa mundu wake. Akachukua fimbo, akatoka hadi kwenye ua wake mwenyewe, akagonga mara tatu, akangoja. Kisha akakata. Sikuwahi kumwona akigusa mianzi yake. Nilidhani anapunguza, lakini alikata toka chini, usawa wa udongo, na shina lilipoanguka akalivuta pembeni akaenda kwenye linalofuata. Mama alitoka mbio. "Apo! Apo, meiyou, meiyou!" akasema, hana neno jingine, anapunga mikono. Apo akamsukuma kando kwa kiwiko, bila ubaya.

Ilimchukua siku nne. Magoti yalipomzidi alikata akiwa ameketi juu ya kile kigoda changu. Mwanawe alikuja kwa pikipiki, akafoka, akashika kichwa: ua umenusurika wenyewe, umepata bahati ya bure, halafu unaukata? Apo akaendelea kukata. Nilivuta matawi, miba ikanichana mikono, na hakuna aliyenikataza. Siku ya tatu nilimuuliza Apo kwa nini. Alifikiri namna ya kunipunguzia maneno. Akanyoosha kidole ng'ambo, kwenye udongo mtupu. "Wa kwake hakuna," akasema. Akaonyesha wa kwake. "Huu nautazamaje?"

Mzee Leung alitoka kila siku akasimama kizingitini kwake, akatazama. Hakuvuka. Siku ya nne ilipokwisha, ukisimama njiani uliona mashamba yote mawili wazi, kuku wake na bata wetu, nguo zetu kambani, na upepo unapita katikati kama kwake. Bata waliacha kutaga kwa baridi.

Meli iliondoka Huangpu na kontena letu, salama. Siku iliyofuata gari la kukodi lilikuja kutuchukua. Mama alikuwa ndani anamuaga Apo, wameshikana mikono, kila mmoja analia kwa lugha yake. Mimi nikavuka njia.

Mzee Leung alikuwa anafukia mashimo ya mizizi. Nikasimama mbele yake. Maneno ya lugha yao niliyokuwa nayo yalikuwa haya: mimi, nyekundu, sikujua, samahani. Yangetosha. Nilikuwa nimeyapanga kitandani tangu alfajiri. Nilipofungua mdomo nikamwambia kwa Kiswahili. Nikamwambia yote, Idi, sahani, kigoda, tepe, na kwamba Apo hakufanya kitu, na kwamba dudumizi hakufa. Nilizungumza muda mrefu, kwa ufasaha, sijawahi kusema ukweli mzuri namna ile. Nilimwambia kwa Kiswahili kwa sababu nilijua haelewi.

Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea jembe. Kisha akanijibu. Naye alizungumza kirefu, kwa upole, akionyesha mashimo, akionyesha nyumba ya Apo, mara moja akanigusa kichwa. Sikushika hata neno moja. Nikatikisa kichwa kukubali, kama nilivyoona watu wazima wakifanya.

Nilipopanda gari Mama aliniuliza nilikuwa nafanya nini kule ng'ambo.

"Namuaga jirani," nikasema.

Akanivuta kifuani, akanibusu kichwani, penye mabutu. "Vizuri, mwanangu," akasema. "Hayo ndiyo malezi."